Elki wa Flat Tops: safari ya mwindaji wa peke yake, siku kwa siku

Kabla ya safari: Aprili hadi Septemba

Anayewinda elki (mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu wa Amerika Kaskazini) peke yake huanza hesabu mwishoni: nyama itafikaje garini? Dume mzima wa elki wa Rocky Mountains ana kilo 300 na ushei. Amemzidi tandala mkubwa, ila hajamfikia pofu. Akishachunwa na kutolewa mifupa hubaki kilo 80 hadi 100 za nyama. Mtu mmoja mwenye afya, pasipo na njia, mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, hubeba kilo 25 kwa mkupuo. Kwa hiyo ni mikupuo minne, na katikati yake kurudi mara tatu mikono mitupu. Mnyama akianguka kilomita 2 kutoka garini, utatembea kilomita 14. Akianguka kilomita 5, ni 35, na 20 kati ya hizo una mzigo mgongoni. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na huku mwenzio hayupo.

Mpango huu ni wa Flat Tops, kaskazini-magharibi mwa jimbo la Colorado, msimu wa pili wa bunduki, ambao hufunguliwa Jumamosi mwishoni mwa Oktoba na kudumu siku tisa. Colorado ina elki wengi kuliko jimbo lolote la Marekani, na kundi la White River, linaloishi huku, ndilo kubwa kuliko yote jimboni. Ubaya ni mmoja: wawindaji wanajua hilo, nao huja wengi.

Leseni kwanza. Zile za droo huombwa mwanzoni mwa Aprili. Zile zinazonunuliwa bila droo huanza kuuzwa Agosti. Msimu wa pili na wa tatu wa bunduki ndiyo inayojulikana kwa leseni za dume zisizo na droo, lakini kanuni hubadilika, hivyo soma kitabu cha mwaka huo cha Colorado Parks and Wildlife (CPW), idara ya wanyamapori ya jimbo, kitengo (eneo la uwindaji lenye namba yake) kwa kitengo. Vitengo vinavyozunguka mji wa Meeker ni 12, 23 na 24. Aliyeishi Colorado miezi sita mfululizo huhesabiwa mkazi na hulipa chini ya dola 100. Mgeni hulipa zaidi ya 800. Aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1949 au baadaye lazima awe na cheti cha mafunzo ya uwindaji, na cha jimbo jingine kinakubaliwa. Kwa ndugu zetu walioko Marekani kwa viza ya muda, kama ya masomo au ya matembezi: sheria ya shirikisho inawakataza kushika bunduki isipokuwa wawe na ruhusa maalumu, na leseni halali ya uwindaji ni mojawapo. Ipate leseni kabla hujaigusa bunduki ya mtu, hata uwanjani. Mwenye ukazi wa kudumu hana kizuizi hicho.

Ramani huchukua muda kuliko jambo lolote jingine, na ndipo ugeni wa nchi unapotibiwa. Usianze kwa kutafuta elki walipo. Anza kwa kufuta. Futa ardhi yote ya watu binafsi, kwa sababu Colorado mwenye shamba halazimiki kuweka uzio wala kibao. Kujua mpaka ni jukumu lako. Futa kila kilicho zaidi ya kilomita 3 kutoka mahali gari linapofika. Futa pia kilomita ya kwanza kutoka barabarani, maana asubuhi ya kwanza itajaa watu. Halafu futa kila korongo lililo chini ya barabara: windia juu ya gari lako ili mzigo uteremke. Kinachobaki ni ukanda mwembamba, na humo tafuta vitu vitatu vilivyo karibu: majani, maji, na msitu mzito kwenye mteremko unaotazama kaskazini. Mwishoni mwa Oktoba msimu wa kupandana umekwisha, madume wamekonda, wamejitenga na majike, na wanataka kula bila kutembea sana. Kitako kidogo cha tambarare ndani ya mteremko mkali, chenye nyasi mita 300 juu au chini yake, kinafaa kuliko bonde pana linalopendeza kwenye picha ya setilaiti. Weka alama sehemu sita, si moja, na upakue ramani nzima kwenye simu, pamoja na nakala ya karatasi.

CPW ina watumishi wanaojibu simu za watu wanaopanga uwindaji. Ukiuliza "elki wako wapi?" utapata jibu la jumla. Uliza hivi: theluji ya sentimita 30 ikianguka wanateremkia upande gani? Barabara ipi hufungwa kwanza? Maegesho yapi hujaa siku ya kufunguliwa?

Bunduki: sheria inataka mtutu usiopungua inchi 16, kipenyo kisichopungua milimita 6, na risasi ya kupanuka yenye greni 85 (kama gramu 5.5) au zaidi. Kiuhalisia bunduki ya .270, .308 au .30-06 (majina ya aina za risasi) hutosha kabisa. Ukiwa na .30-06 ya greni 180 iliyosawazishwa kupiga palepale inapolengwa kwa mita 180, kwenye mita 230 risasi hushuka kama sentimita 9, na moyo na mapafu ya elki ni shabaha ya karibu sentimita 40. Hapo hakuna hesabu ya kufanya. Mbali ya mita 250, acha.

Jumatano: Denver hadi Meeker

Ukija kwa ndege, bunduki husafiri tupu, ndani ya kasha gumu lililofungwa kwa kufuli, ikiwa imetangazwa kaunta. Risasi kwa kawaida zisizidi kilo 5. Gesi ya jiko na dawa ya kupulizia dubu hazipandi ndege, nunua ukishafika. Kutoka Denver ni saa nne hivi: barabara kuu ya I-70 magharibi hadi mji wa Rifle, kisha barabara namba 13 kaskazini. Kati ya Morrison na Dotsero, kuanzia Septemba mosi hadi mwisho wa Mei, sheria inadai magurudumu ya theluji au minyororo garini. Nunua minyororo ya magurudumu yote manne, na ujaribu kuifunga sehemu kavu mchana. Anayejifunza usiku kwenye tope hujifunza vibaya.

Lala Meeker, mita 1,900. Mapafu yanahitaji usiku huu. Tafuta uwanja wa shabaha ufyatue risasi tatu, kwa sababu darubini ya bunduki iliyogongwa na wapakia mizigo haitakuambia kama imesogea. Pitia ofisi ya CPW ya Meeker uulize hali ya barabara. Jaza tangi.

Alhamisi: hadi kambini

Barabara ya kaunti namba 8 hufuata mto White kupitia Buford, kisha ya msitu namba 205 hupanda hadi ziwa Trappers, karibu mita 2,930. Kwa aliyepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, huko ni juu kidogo ya Mandara, tena kuna baridi ya latitudo ya 40. Mwaka 1919 Arthur Carhart wa Idara ya Misitu alitumwa kupima viwanja vya nyumba za starehe kando ya ziwa hili, akarudi na pendekezo kwamba pasijengwe chochote. Ndiyo sababu hadi leo utapata mahali pa kuwinda hapa. Ng'ambo ya mpaka wa eneo la pori lililohifadhiwa hakuna chombo chochote cha magurudumu kinachoruhusiwa: si pikipiki, si baiskeli, wala toroli la kubebea nyama.

Mtandao wa simu hupotea njiani. Kifaa cha ujumbe wa setilaiti kiwashwe leo, na mtu nyumbani awe na karatasi yenye namba ya gari, mahali pa kambi, zile sehemu sita, na saa ya kuanza kupiga simu kwa sherifu usiposikika.

Unapochagua pa kupiga hema, angalia juu kabla ya kuangalia chini. Miaka ya 1940 wadudu wa magome waliua miti ya jamii ya misonobari ya uwanda huu kwa wingi, na mwaka 2002 moto wa Big Fish ukaunguza eneo la ziwa. Miti iliyokufa bado imesimama, na huanguka upepo ukivuma, wakati mwingine hata usipovuma. Pima urefu wa mti kwa macho na ukae mbali kuliko huo. Kaa pia angalau mita 30 kutoka kwenye maji. Chakula kiende garini au mtini, kwani dubu weusi bado hawajalala wote.

Leo usipande popote. Kunywa maji, kula, kata kuni. Kichwa kikiuma kidogo ni kawaida. Kikiuma na kutapika, rudi Meeker usiku huohuo.

Ijumaa: kupeleleza

Kazi ya leo ni kuangalia kwa mbali. Panda mahali panapoona miteremko miwili au mitatu, keti, tumia darubini tangu kunapopambazuka hadi saa 4, na tena kuanzia saa 10 jioni. Usiingie kwenye msitu mzito walimolala; ukiwatimua leo, kesho utawinda miti.

Jifunze upepo. Usiku na alfajiri hewa baridi huteremka mabondeni. Jua likishapasha mteremko, saa 3 au 4 asubuhi, hewa hugeuka na kupanda. Jioni kivuli kikifika mteremkoni hugeuka tena, mara nyingi kabla ya jua kuzama. Elki anaweza kukuona akabaki akikutazama. Akikunusa haulizi mara ya pili. Kwa hiyo asubuhi mapema uwe chini yake, na baada ya saa 4 uwe juu yake. Saa ile ya kugeuka, keti tu. Beba kichupa cha unga mwepesi, upulize kidogo kila baada ya dakika chache.

Dalili: kinyesi laini chenye kung'aa ni cha leo au jana, kilichokauka na kupauka ni historia. Nyayo kwenye jalidi ya asubuhi zinakupa saa kabisa. Jambo jingine la kuzoea leo ni kumtofautisha elki na musi, ambaye pia yuko hapa na hukosewa kila mwaka. Musi ni karibu mweusi, pua yake ndefu imening'inia, na pembe za dume zimetanuka bapa. Elki ana mwili wa kahawia isiyokolea, shingo nyeusi na makalio ya rangi ya malai. Anayempiga musi kwa leseni ya elki amefanya kosa la jinai.

Jioni, tembea njia ya kesho hadi nusu yake na uihifadhi kwenye simu. Gogo lililolala ambalo mchana unaliruka, gizani linavunja mguu.

Jumamosi: siku ya kufunguliwa

Jua huchomoza karibu saa 1:30 asubuhi, na risasi halali huanza nusu saa kabla. Toka kambini saa 10:30 alfajiri, polepole, ukiwa umevaa kidogo. Jasho ndilo adui: ukifika umelowa utaganda kwa kukaa. Koti la manyoya libaki begini hadi utakapoketi. Pamba acha nyumbani, vaa sufu au nailoni.

Juu ya hayo yote kuna rangi ya machungwa inayong'aa, au waridi, isiyopungua inchi za mraba 500 juu ya kiuno, pamoja na kofia inayoonekana pande zote. Iwe rangi tupu. Yenye mabaka haihesabiki.

Leo usizunguke. Wanaotembea ni wengine, nao ndio watakaowasukuma elki. Keti kwenye kipenyo kati ya vilima viwili, penye nyayo, na ukae hadi saa 7 mchana. Wengi hurudi kambini kula saa 4, na kupanda na kuteremka kwao kunawaamsha wanyama. Beba chakula cha siku nzima, kalori 3,500 au zaidi: chapati zenye siagi ya karanga hazigandi zikashindikana kutafunwa, tofauti na vipande vya chokoleti.

Dume anayeruhusiwa katika vitengo vingi vya hapa ni mwenye ncha nne au zaidi upande mmoja wa pembe, au tawi la juu ya jicho lenye urefu wa inchi 5. Usipoweza kuhesabu kwa uhakika, hilo ni jibu tosha.

Jumapili

Sehemu ya pili kwenye orodha. Ikiwa jana hapakuwa na dalili mpya, usibaki kwa matumaini.

Jumatatu: theluji

Theluji nyingi ikianguka, kaa hemani; wakati wa dhoruba elki nao wamelala. Saa za thamani ni zile zinazofuata, mawingu yakipasuka, wanapotoka kula. Sentimita 15 zinakusaidia kufuata nyayo na kuwaona. Zikikaribia 45 wanaanza kuteremka, na baada ya hapo kubaki juu ni kung'ang'ania ramani ya wiki iliyopita. Gari nalo literemke kabla halijafungiwa.

Bunduki ilale nje ya joto, kwenye kasha au chini ya kipande cha turubai. Ikiingizwa hemani hutoa jasho, na alfajiri unyevu huo huganda kwenye pini ya kufyatulia. Unavuta kifyatulio, unasikia mlio mdogo usio na risasi. Mafuta mengi hufanya vivyo hivyo, hivyo futa hadi ibaki kavu. Mdomo wa mtutu uzibe kwa utepe wa gundi. Kinachotakiwa kulala nawe ni chujio la maji (likiganda mara moja hupasuka ndani bila kuonekana, na unakunywa vijidudu ukidhani umechuja), betri, na mtungi wa gesi. Gesi ya kawaida hudhoofika sana karibu na nyuzi 10 chini ya sifuri.

Jumanne: dume

Tuseme saa 2 asubuhi, mita 160, dume halali amesimama ubavu. Lenga nyuma tu ya bega, theluthi ya chini ya kifua. Elki hupokea risasi bila kuonyesha. Akiwa bado amesimama, piga tena. Kwa Mwislamu, bismillahi hutamkwa wakati wa kufyatua, na akikutwa bado hai huchinjwa.

Kabla ya kunyanyuka, weka alama mbili kwenye simu: ulipo, na aliposimama. Subiri dakika 30. Damu nyekundu yenye povu ni mapafu, hayuko mbali. Damu nzito ya rangi ya maini inadai saa kadhaa. Maji ya kijani yenye harufu ni tumbo: subiri saa 6 au zaidi, maana ukimfuata mara moja atakimbia hadi bonde la pili na hesabu yote ya kilomita imekwisha. Mkaribie kwa mgongoni, mguse jicho kwa fimbo ndefu. Kisha, kabla ya kisu, jaza tarehe na sahihi kwenye lebo ya mzoga inayokuja na leseni. Ni karatasi, picha yake kwenye simu haitambuliki.

Sasa kazi ya saa tatu hadi nne. Kwa mtu mmoja, usipasue tumbo. Funga kichwa kwenye mti kwa kamba ya milimita 6 ili mzoga usiteleze. Mlaze ubavu, chana ngozi kutoka kisogoni hadi mkiani kufuata uti wa mgongo, na uichune kuelekea tumboni. Mkono wa mbele hauna kiungo cha mfupa na kifua: unyanyue, kata kati ya bega na mbavu, unatoka. Mguu wa nyuma ni mzito, kilo 30 ukiwa na mfupa. Ufunge kwa kamba kwenye mti uunyanyue, kata hadi kiungo cha nyonga, zungusha ncha ya kisu. Toa sarara ndefu ya mgongoni, nyama ya shingo, kisha geuza upande wa pili. Sarara ya ndani hutoka mwisho: sukuma tumbo chini kwa mkono, pitisha kisu nyuma ya ubavu wa mwisho, na uivute kwa vidole. Sheria inataka miguu minne na sarara zote zitoke porini. Kuziacha ni kosa. Kwenye kipande kimoja acha ushahidi wa jinsia ukiwa umeshikamana kwa asili yake.

Nyama huharibika hata kwenye baridi. Paja nene lililolala chini na ngozi yake hutunza joto kandokando ya mfupa wa nyonga, na kesho yake linanuka kwa ndani huku nje likiwa zuri. Chuna haraka, fungua paja hadi mfupani, weka kwenye mifuko ya kitambaa kinachopumua, ning'iniza kivulini. Mfuko wa plastiki ni kaburi la nyama.

Ining'inize mita 100 kutoka kwenye utumbo, mahali unapoweza kupaona ukiwa mbali, ili kesho umwone dubu kabla yeye hajakuona. Leo peleka mzigo mmoja tu, wa sarara na shingo, na ufike kambini kabla ya giza.

Jumatano: kubeba

Mikupuo mitatu. Begi liwe la fremu, uzito ukae juu na karibu na mgongo, fimbo mbili mkononi. Anza na paja, mwili ukiwa na nguvu. Funga kitambaa cha machungwa kwenye begi, na kama unabeba pembe, kwenye pembe zenyewe. Kuna watu msituni wenye darubini na haraka. Goti likianza kuuma wakati wa kuteremka, gawa mzigo, hata kama ni safari ya tano. Mwenye kutaka farasi wa kukodi apatane na mkodishaji mwenye leseni ya kazi hiyo kabla ya msimu, kwa sababu siku hii wote wako kazini.

Alhamisi: Meeker

Baadhi ya elki wa Colorado wanaugua ugonjwa wa kudhoofisha wa prioni (protini iliyoharibika inayoshambulia ubongo), uliotambuliwa kwanza mwaka 1967 kwenye kituo cha utafiti cha Fort Collins. CPW huchagua vitengo ambavyo wawindaji wake hulazimika kupeleka kichwa. Hata usipolazimishwa, peleka, na nyama iwekwe alama isiliwe hadi majibu yatoke. Ikiwa mnyama ana ugonjwa, usile. Majimbo mengi hayaruhusu ubongo wala uti wa mgongo kuvuka mpaka, hivyo pembe zikatwe pamoja na kipande cha fuvu kilichosafishwa.

Anayerudi kwa gari apange masanduku ya baridi yenye barafu chini, nyama juu, na tundu la kutolea maji likiwa wazi. Anayerudi kwa ndege agandishe nyama kwa bucha wa Meeker au Rifle, aifunge kwenye masanduku yasiyozidi kilo 23 kila moja, na aulize bei ya mizigo ya ziada mapema. Kwa dume mzima, mara nyingi gari la kukodi la njia moja hutoka rahisi zaidi. Ushahidi wa jinsia ubaki kwenye nyama mpaka ifike nyumbani au kwa mkataji.